Mama Lindo, Mlinzi wa Usingizi wa Wengine

Ndugu waombolezaji, majirani wa jengo letu, wenzake wa kazini, jamaa wa karibu na wa mbali, familia inawashukuru kwa kufika kwenu na kwa utulivu wenu, ingawa, kama mtakavyosikia, utulivu ndio ulionifanya nisimame hapa nikiwa na maneno mengi kuliko niliyoruhusiwa.

Mimi ni mdogo wake marehemu, wa pili na wa mwisho kwa mama yetu, na nimeteuliwa kusoma historia ya maisha yake, ambayo tuliiandika pamoja jioni ya juzi, kurasa mbili, baba mdogo akiwa mwenyekiti wa kikao, na katika kurasa hizo mbili kuna siku moja tuliyoiruka, Alhamisi ya wiki iliyopita, tarehe 16 Machi 2023, kwa sababu baba mdogo alisema historia ya marehemu si mahakama. Nilikubali, nikaenda nyumbani, sikupata lepe la usingizi, na kulipokucha nikaandika ukurasa wa tatu. Nitausoma zamu yake ikifika. Binti wa marehemu anajua na ameridhia, baba mdogo ndiyo kwanza anasikia, shikamoo baba mdogo, naomba unisamehe mbele ya watu.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Agosti 1957, saa kumi na moja alfajiri, katika zahanati ya wafanyakazi wa reli, kitanda cha pili kutoka dirishani, akiwa mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mshona mapazia, na mama alikuwa akisimulia kwamba alitoka macho makavu, hakulia, akamkodolea mkunga kama anayehakikisha kama mikono imeoshwa. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye, nikalia kwa wote wawili.

Tarehe 2 Mei 1963 baba yetu alifariki barabarani akiwa na lori lake, na usingizi wa mama ukaondoka siku hiyohiyo, wala haukurudi tena kama ulivyokuwa. Usiku alishona mapazia ya watu, mchana alipika na kufua, na siku za bahati, kati ya saa saba na saa tisa, kichwa kilimwinamia palepale kitini, uzi ukiwa bado kwenye sindano, na hapo nyumba nzima ilisimama. Dada yangu, mwenye umri wa miaka sita, ndiye aliyepaka bawaba za milango mafuta ya kupikia zisilie, ndiye aliyeifunga kengele ya baiskeli yangu kwa kitambaa, na ndiye aliyenifundisha kutembea kwa nje ya nyayo, kwa sababu katika nyumba yetu mtoto angeweza kuvunja sahani akasamehewa kabla ya vipande kuokotwa, lakini kumwamsha aliyelala lilikuwa kosa lisilokuwa na jina. Mama alikuwa na msemo wake, ambao ni wa wote lakini sisi tuliufanya sheria, kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nawaomba muukumbuke msemo huo, kwa maana ndio uliotulea, na ndio uliotufikisha hapa tulipo.

Mwaka 1964 alianza shule ya msingi, ile iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza mwaka 1970, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1971 hadi 1974, ambako alikuwa kiranja wa bweni, na wenzake waliosoma naye, wawili wapo hapa, wanasema ndiye kiranja pekee aliyeweza kutofautisha msichana aliyelala na msichana aliyejifunika shuka akingoja kiranja apite. Alisogea hadi kitandani, akasikiliza pumzi, akasema taratibu, "Wewe uko macho, toa hicho kitabu," na hakuwahi kukosea. Kuanzia 1975 hadi 1977 alisomea ufundi wa maabara chuoni, akafaulu akiwa wa pili darasani, wa kwanza akiwa kijana mmoja ambaye baadaye aliacha maabara akaenda kuuza matairi, jambo ambalo dada alilikumbuka kila alipoona tairi.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa katika maabara ya hospitali, chumba cha chini jirani na dobi, dirisha moja linalotazama ukuta, akapima damu na mikojo ya watu kwa miaka ishirini na miezi mitano, na sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba hakutoa jibu asilolirudia mara mbili, hata daktari angesimama mlangoni akipiga kiatu sakafuni.

Ni katika chumba hicho alikokutana na mumewe. Shemeji yangu ni mwokaji wa mikate, na mwaka 1982 aliletwa na mwajiri wake kutolewa damu kwa ajili ya cheti cha afya, mwanaume wa kubeba magunia mawili ya unga kwa mpigo, akaona sindano akaanguka chini. Dada alimmwagia maji, akamkalisha, akamwambia arudi kesho, naye akarudi kesho, na keshokutwa, na wiki iliyofuata, hali cheti alishapewa. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1983, wakapanga ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kushoto, ambako marehemu aliishi mpaka mwisho wa uhai wake, na tarehe 3 Juni 1986 wakajaliwa binti yao mmoja, ambaye sasa ni mhandisi wa madaraja, anaishi safari ya ndege mbili kutoka hapa, na alifika juzi asubuhi na begi dogo.

Mwaka 1994 mama yetu, aliyekuwa amekesha miaka thelathini na moja, aliandikiwa vidonge vya usingizi, akalala, na sisi watoto wake tulifurahi kupita kiasi, tukamwacha alale fofofo. Lakini vidonge vile vilimlaza bila kumwachia njia ya kurudi, usiku mmoja akataka kuamka kwenda msalani, mwili ukaamka akili ikabaki, akaanguka akavunjika nyonga, na tarehe 19 Novemba 1995 akafariki. Dada hakulisema jambo hili kwa sauti, hakuwa msemaji, ila tangu siku ile alianza kusoma kila karatasi aliyoipata kuhusu usingizi, na tarehe 1 Julai 1998 aliacha kazi ya hospitali, akahamia taasisi ya utafiti, kwa zamu za usiku.

Hapa naomba mnivumilie, maana wengi mtaani mlimwita Mama Lindo mkidhani ni mlinzi wa kampuni ya ulinzi, anayeondoka jua likizama na kurudi watu wakienda kazini, na mama mmoja aliwahi kumwuliza kama wanapewa rungu au bunduki. Mama Lindo alilinda samaki. Samaki wadogo wenye mistari, urefu wa kucha, vifaranga vyao vyembamba mpaka unaona moyo ukipiga, wamepangwa kwenye trei zenye visima vidogovidogo, kila mmoja na kisima chake, kwenye chumba chenye giza na kamera, na kazi yake ilikuwa kujua nani amelala, tangu saa ngapi, na usingizi wake ni mzito kiasi gani. Mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba samaki hulala, yeye akanijibu kwamba wazee walijua zamani, ndiyo maana wanasema mtu amelala usingizi wa pono, na pono ni nani kama si samaki.

Walichokuwa wakikitafuta ni kitu kidogo ambacho ubongo hujitengenezea wenyewe, wataalamu wanakiita nyuropeptidi, na nilipomwomba anieleze kwa lugha ya msoma mita za maji, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mimi, aliniambia nikifikirie kama tarishi wa ofisini. Ubongo ni ofisi kubwa, kila chumba kina mtu anayejiona ni muhimu, hakuna anayetaka kuzima taa kwanza, na jioni tarishi huyu hupita mlango kwa mlango na ujumbe mmoja, kwamba kazi ya leo imetosha. Samaki waliokuwa na tarishi wengi walilala mapema na kulala zaidi. Waliokuwa nao wachache walizunguka kisimani usiku kucha, kama mama na cherehani yake.

Na alichokipenda dada kuhusu tarishi huyo si kwamba alilaza, kwa maana kulaza hata rungu linalaza, ni kwamba samaki aliyelazwa naye, ukimgonga, anaamka, anaogelea vizuri, kisha anarudi kulala. Alikuwa akisema usingizi ni ule unaoamshika, usioamshika ni kitu kingine. Aliota siku ambayo mzee wa watu angepata dawa itakayomlaza na bado ikamwachia miguu yake akitaka kwenda msalani, au mgonjwa mwenye maumivu, au mtu aliyeona mambo mabaya mpaka macho yakakataa kufumba. Lakini hakumdanganya mtu. Watu waliandika barua pale taasisi wakiomba dawa hiyo, na yeye aliwajibu kila mmoja kwa mkono wake, kwamba kitu hiki ukikimeza tumbo linakisaga kama kipande cha nyama, kwamba hata kikiingia kwenye damu njia ya kwenda ubongoni ina mlango mgumu, kwamba wanajaribu matone ya puani na bado hawajui, na kwamba samaki si mtu, poleni, endeleeni kumwona daktari wenu. Zilikutwa nakala mia mbili na kumi na saba za barua hizo.

Sasa nieleze namna alivyofanya kazi, kwa sababu bila hilo ukurasa wa tatu hautaeleweka. Samaki aliyetulia kisimani anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa macho tu ametulia na mawazo yake, anaweza kuwa mgonjwa, na kwa kutazama peke yake huwezi kujua. Ni lazima ugonge. Taasisi ilinunua mashine ya kugonga, ikawa inaharibika kila mwezi, dada akatumia penseli yake ya njano, upande wa raba, na akaweka sheria iliyobandikwa ukutani mpaka leo: gonga mara tatu, kwa kituo cha sekunde kumi, anayeshtuka ya kwanza alikuwa macho, anayeshtuka ya pili au ya tatu alikuwa amelala, na asiyejibu ya tatu usiandike amelala, ita mtu.

Mwaka 2006, Profesa anayeongoza maabara ile, yupo hapa na amenipa ruhusa ya kulisema, alipata matokeo ya ajabu, trei nzima ya samaki waliokuwa wamelala saa tisa mfululizo bila kutikisika, kamera imeshuhudia, kompyuta imechora mstari mzuri, na waandishi wa habari walikwishaitwa kuja saa nne asubuhi. Dada alikuwa ameazimwa chumba kingine usiku ule, aliyekaa zamu ni mtafiti mgeni aliyeamini kamera. Saa moja asubuhi dada akapita na penseli yake, akagonga ya kwanza, akagonga ya pili, akagonga ya tatu, akazima kompyuta, akaenda kumwambia Profesa kwamba pampu ya hewa imesimama tangu saa nne usiku na samaki wote wamekufa. Waandishi walipewa chai wakarudishwa. Profesa anasema tangu siku ile hakuna karatasi iliyotoka maabara yake bila dada kuulizwa swali moja tu, kama amegonga.

Zamu za usiku zilichukua vingine. Shemeji aliamka saa nane usiku kwenda kwenye tanuri, dada alirudi saa moja asubuhi, dada aliondoka saa kumi na mbili jioni na shemeji alikuwa kitandani saa mbili, na kwa miaka mitano mume na mke hawa waliandikiana kwenye mifuko ya karatasi ya mikate, maziwa yako kwenye jiko, mtoto ana homa kidogo, nimekukumbuka. Mwaka 2003 shemeji alihamia karibu na tanuri lake, bila ugomvi, bila kikao, waliachana kwa adabu ya wapangaji wawili. Kabla ya hapo, mwezi ule ule dada alipoanza zamu, shemeji alikuwa amemtengenezea kibao kwa ubao wa kreti la mikate, akakipaka rangi nyeupe, akaandika kwa nyekundu, NIMELALA, TAFADHALI USIGONGE, akakipigilia mlangoni, ili mkewe apumzike mchana. Ni kibao cha mapenzi, nataka shemeji alisikie hilo kutoka kwangu.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Agosti 2017, akapewa saa ya ukutani na picha ya samaki, akarudi nyumbani, na kibao kikabaki mlangoni. Tulipomwuliza kama sasa analala usiku kama binadamu wengine, alisema mwili wake haujapata barua ya kustaafu, tukacheka, na tukaendelea kuheshimu mchana wake kama kawaida. Jengo zima liliheshimu. Mama wa ghorofa ya chini, ambaye ni mshonaji, aliwakataza watoto wake mpira kwenye ngazi. Mwenye gesi aliacha mtungi nje. Binti yake alipiga simu Jumapili tu, saa moja jioni. Mimi, mdogo wake, nilikuja kila Alhamisi saa nne asubuhi na mfuko wa mkate, maziwa na dawa zake, nikapanda ngazi kwa nje ya nyayo kama alivyonifundisha, nikautundika mfuko kwenye kitasa, nikashuka. Jioni aliniandikia ujumbe wa simu, nimeona mfuko, asante. Tulikuwa na upendo mwingi, na nilimwona uso kwa uso labda mara nne kwa mwaka.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2011, akatumia dawa bila kuruka siku, na mwaka jana mwezi wa Septemba daktari wake alimwambia moyo umechoka, apunguze ngazi, asikae peke yake sana. Sehemu ya kwanza alituambia. Ya pili, ya kutokaa peke yake, tumeisoma kwenye cheti chake cha kliniki.

Huu ndio ukurasa wa tatu.

Alhamisi, tarehe 16 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilifika mlangoni kwa dada yangu. Mimi nimesoma mita za maji kwa miaka thelathini na mbili, nimegonga milango ya mji huu mzima, ya wenye mbwa, ya wenye hasira, ya waliojificha chini ya dirisha wakidhani siwaoni, sijawahi kuogopa mlango. Nilisimama mbele ya ule mmoja, nikasoma kibao ambacho nakijua kwa moyo, nikatundika mfuko, nikanyata nikashuka. Jioni ujumbe haukuja. Nikasema, amelala. Ijumaa ujumbe haukuja, nikasema ana usingizi wa deni, apumzike. Jumamosi, saa mbili asubuhi, mshonaji wa chini alipanda na kuona mfuko bado unaning'inia na maziwa yamechacha, akaniita, na mlango ukavunjwa na fundi seremala wa jirani, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumesimama pale tukinong'ona, hata saa ile, tukinong'ona tusimwamshe.

Alikuwa kitandani, ubavu wa kulia, ametulia. Daktari anasema ni moyo, na kwamba alifariki wakati wowote kati ya Jumatano jioni na Alhamisi mchana, nilimwuliza mara mbili, na mara ya pili aliniwekea mkono begani akasema, "Mzee, ningekuwa na saa kamili ningekupa." Kwa hiyo sijui. Huenda nilipotundika mfuko alikuwa ameshakwenda tangu usiku, huenda alikuwa bado. Mimi nilitazama mlango uliotulia, nikaandika amelala.

Ningekuwa na uwezo wa kubeba hilo peke yangu, ningelibeba. Lakini Jumapili binti yake alikuta daftari pembeni ya kitanda, daftari la maabara, lenye safu tatu zilezile za kazini, saa, kilichotokea, na jibu, ila safari hii hakuna samaki. Aliyekuwa kisimani ni yeye. Nitasoma machache, kwa ruhusa ya binti.

Tarehe 6 Oktoba, Alhamisi, saa nne na dakika tano, hatua za mdogo wangu, ametundika mfuko, hakugonga, jibu, nilikuwa macho. Tarehe 12 Januari, Alhamisi, saa nne na nusu, mdogo wangu, leo amesimama muda mrefu, nilidhani atagonga, amepiga chafya akaiziba kwa mkono, jibu, nilikuwa macho, sikumwita, nikimwita atadhani ameniamsha, atajilaumu wiki nzima, namjua. Tarehe 20 Februari, Jumatatu, saa kumi alasiri, mama wa chini amewaambia watoto nyamazeni Mama Lindo amelala, jibu, nilikuwa macho, mpira wao ulikuwa unanifurahisha. Kuna kurasa arubaini na moja, na katika safu ya tatu ni maneno hayohayo, nilikuwa macho, kutoka juu mpaka chini. Hakuna siku aliyoandika alilala mchana. Ya mwisho ni ya Jumatano, tarehe 15 Machi, saa moja jioni, kifua kizito kidogo, nitajilaza mapema, kesho Alhamisi, huenda akagonga.

Baba mdogo aliuliza, na ni swali la haki, kwa nini basi hakukitoa kibao. Sijui. Kilikuwa mkono wa mumewe, huenda ndiyo sababu, au huenda mtu aliyekatazwa tangu akiwa na miaka sita kumsumbua mwingine hawezi, uzeeni, kufungua mlango na kusema jamani, nipo. Sisi tulinyamaza kwa kumhurumia, yeye akanyamaza kwa kutuhurumia, na katikati ya huruma mbili hizo mtu akabaki peke yake miaka mitano na nusu, katika jengo lenye familia ishirini. Nina hasira na jambo hilo, na sina wa kumkasirikia.

Familia inatoa shukrani kwa daktari wake wa moyo na wauguzi wa kliniki, kwa Profesa na maabara nzima, waliosimamisha kazi leo kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya pampu, kwa mshonaji wa ghorofa ya chini aliyepanda ngazi ambazo sisi tulikuwa tunazishuka, kwa fundi seremala, kwa shemeji aliyeoka mikate ya watu wote mliopo hapa na ambaye tangu asubuhi hajakaa chini, na kwa wale walioandika barua za kuomba dawa, ambao wanne kati yao wamesafiri kuja, ingawa hawakupata dawa, kwa kuwa, wamesema, walijibiwa. Kwa wote ambao sikuwataja, si kwa kusahau, ni karatasi inayoniishia.

Marehemu ameacha binti mmoja, mdogo wake mmoja, na kibao, ambacho tumekitoa mlangoni asubuhi hii na shemeji amekichukua. Binti amebadili tiketi yake, atakaa mpaka mwezi ujao. Jana jioni nilipanda kwenda kumwona, mlango ulikuwa umefungwa na ndani kimya, miguu yangu ikaanza yenyewe kugeuka, nikagonga, akaitikia kwa ndani kabla sijamaliza, "Mjomba, ingia," alikuwa macho.

Dada, nina penseli yako ya njano mfukoni. Nikimaliza kusoma nitashuka hapa, nitakuja ulipo, nitagonga mara tatu kwa upande wa raba, kwa kituo cha sekunde kumi, kama ulivyobandika ukutani, nawaombeni wote mningoje na mtu asininyamazishe. Najua hutajibu. Sheria yako inasema asiyejibu ya tatu usiandike amelala, ita mtu, na watu nimewaita, dada, wamejaa mpaka barabarani, wamekuja na viatu vyao, hakuna hata mmoja aliyenyata. Pumzika kwa amani.